Mtu mwepesi wa kuhisi afanyeje ili ari yake isizime kila baada ya siku nne?

Binti_Segerea:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa wenye uelewa. Ule wa "pambana tu dada, Mungu yupo" tunao wa kutosha.

Kuna watu ni wepesi wa kuhisi kupita wenzao. Muziki wa daladala unawachosha kabla hawajafika kazini. Mtu akinuna upande wa pili wa chumba, wanajua kabla hajafungua mdomo. Neno moja la bosi linazunguka kichwani mpaka usiku. Mtu wa hivi akianza jambo, iwe kusomea mitihani ya uhasibu, kuuza keki au kufanya mazoezi, anawaka siku nne au tano kisha anazima. Akisikiliza wahamasishaji anapata moto wa siku mbili, halafu anaanguka chini zaidi ya alipokuwa.

Maswali yangu: kwa nini inakuwa hivyo? Pili, kwa anayetoka Segerea kwenda Posta kila siku hapa Dar, ofisini wako watu kumi na wawili chumba kimoja, na hawezi kuhama wala kuacha kazi, afanye nini hasa? Tatu, atajuaje kama ni wepesi wa kuhisi au ni ugonjwa? Naomba hatua zenye vipimo: dakika ngapi, mara ngapi.

KipimaJoto:

Dada, nianze na sababu, maana usipoijua utaendelea kujichapa bakora kwa kosa ambalo si lako.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, alianza kuchunguza hali hii miaka ya 1990, na mwaka 1997 yeye na mumewe Arthur Aron wakachapisha dodoso la maswali 27 la kuipima. Si ugonjwa. Ni tabia ya mtu, sehemu amezaliwa nayo na sehemu imejengwa na malezi, na kila mmoja wetu anayo kwa kiasi chake. Aron alikadiria kwamba walio juu kabisa ni 15 hadi 20 kwa kila watu 100. Utafiti wa mwaka 2018 uliowagawa watu katika makundi matatu ukapata kundi la juu karibu 31 kwa kila 100. Kwa hiyo katika hicho chumba chenu cha watu kumi na wawili, usishangae mkiwa wawili hadi wanne.

Kiini chake ni kwamba ubongo unachambua kwa kina kila kinachoingia. Honi ikipigwa, mwenzako imempita. Kwako inapimwa: imetoka wapi, inanihusu, aliyepiga ana hasira? Uchambuzi huo unatumia nguvu ileile uliyokusudia kusomea. Ni kama Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Unanunua uniti za kutosha, lakini kuna pasi imeachwa kwenye soketi chumba cha nyuma. Ukifika Posta saa 2 asubuhi umeshakula uniti za kutwa nzima, halafu unajiita mvivu.

Hao wahamasishaji nao wana kosa moja la kiufundi. Tangu mwaka 1908, wanasaikolojia Yerkes na Dodson walipofanya majaribio yao kwa panya, inajulikana kuwa msisimko unasaidia kazi mpaka kiwango fulani, ukizidi unaharibu, na kazi ikiwa ngumu unaanza kuharibu mapema zaidi. Mtu aliyepoa ukimfokea anaamka. Mwepesi wa kuhisi anakuja kwako tayari amejaa, ukimwongezea kelele na aibu anamwagika. Moto wa siku mbili ni msisimko tu, ari haijaguswa.

Ari inayodumu hujengwa na vitu ambavyo wanasaikolojia Deci na Ryan wamevichunguza kwa miongo kadhaa: kujiona umechagua mwenyewe, kujiona unaweza, na kuwa na watu unaohusiana nao. Kagua hilo jambo lako kwa hayo matatu. Mitihani ya uhasibu unaisomea kwa sababu unataka, au kwa sababu shangazi alisema? Mwepesi wa kuhisi huyabeba matakwa ya wengine akidhani ni yake, maana anayasikia hata yasiposemwa. Jambo la namna hiyo huzima siku ya tano, na lina haki ya kuzima.

Sasa kipimo, kabla ya dawa yoyote. Chukua daftari dogo la kuingia mfukoni. Mara nne kwa siku, yaani saa 3 asubuhi, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 12 jioni, andika namba mbili kati ya 0 na 10. Ya kwanza ni vurugu ya ndani: mapigo ya moyo, mabega kukaza, kichwa kujaa. Ya pili ni ari. Mbele yake andika maneno yasiyozidi matano ya kilichotokea saa moja iliyopita. Fanya hivyo siku 14, utapata mistari 56. Kisha tafuta kila mstari ambao vurugu ni 7 au zaidi, uangalie nini kiliutangulia. Mara nyingi utakuta vitu viwili au vitatu vinavyojirudia, na kimojawapo hukukitarajia.

Watu huharibu hapa kwa namna tatu. Wanajaza yote usiku kwa kumbukumbu, na usiku kila kitu kina rangi ya usiku. Wanaongeza safu nane, siku ya tatu wamechoka. Au daftari linageuka barua ya malalamiko. Namba mbili, maneno matano, funga. Ukisahau saa moja, acha wazi, usibuni.

Jogoo_la_Mjini:

Hili ni jina jipya la uvivu. Babu zetu walilima juani bila dodoso.

KipimaJoto:

Mkuu, mvivu humkuti akisoma barua ya mistari sita mara nne kabla ya kuituma. Hawa tatizo lao ni kufanya kupita kiasi, kisha kuzima. Na babu alilima kijijini kwenye kimya, hakukaa chini ya spika ya Coaster kutoka Segerea.

Mama_Kibada:

Mwanangu, KipimaJoto kasema vizuri ila kazungumza kama yuko darasani. Mimi nakujibu la pili, la barabarani na ofisini.

Safari kwanza, maana ndiyo inayokumaliza. Ukisimama dakika tisini huku umebanwa, umeshapoteza asubuhi. Kugeuza na gari, yaani kulipanda likielekea mwisho wa njia ili urudi nalo ukiwa umekaa, ni gharama, nauli mara mbili, lakini ifanyie hesabu ya wiki: huenda si lazima kila siku, bali zile siku mbili zenye kazi nzito. Siku nyingine toka nusu saa mapema. Kabla hujakaa, angalia spika ziko wapi, ukae mbali nazo. Dirishani ni bora kuliko kwenye njia, kwa sababu upande mmoja haugusani na mtu na upepo unakupata. Na joto usilidharau. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua na unyevu wa hapa Dar peke yake vinatosha kukupandisha hiyo namba ya vurugu kabla hujakutana na mtu. Beba maji, na kitambaa kilicholoweshwa cha kuweka shingoni.

Vile vizibo vya masikio vya sponji, wengi wanavitumia vibaya kisha wanasema havifanyi kazi. Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikiwa kinavimba. Usipokishikilia kinarudi nje, na kilichoingia nusu hakizuii kitu. Kikichafuka au kikikakamaa, tupa, usije ukapata maradhi ya sikio. Utavipata kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya famasi. Ukiwa ndani ya daladala ziba sikio moja, lile la upande wa spika, ili umsikie konda na usipitilize kituo. Ukishuka, kitoe kabla hujakanyaga lami. Bodaboda haina subira na mtu asiyesikia.

Vijana wengi badala ya hivyo wanavaa spika za masikioni na kupandisha muziki mpaka ufunike wa konda. Hapo umeongeza kelele juu ya kelele.

Ukifika mjini, usiingie ofisini moja kwa moja. Tenga dakika kumi za kutua. Kaa mahali pa kivuli, simu mfukoni. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika, fanya dakika tano, yaani pumzi thelathini. Kinachotuliza ni kule kutoa kwa muda mrefu. Ukijilazimisha kuvuta kwa nguvu utasikia kizunguzungu, na hapo unaacha ukisema haikufai. Vuta kawaida tu, puani.

Ofisini huwezi kuhamisha ukuta, lakini kiti unaweza. Omba kukaa ukiwa na ukuta mgongoni, mbali na mlango. Anayepita nyuma yako kila dakika mbili anakutoa kazini hata kama husemi. Kama taa ya juu inakuumiza, omba ile moja iliyo juu yako izimwe ukiwa karibu na dirisha. Ombi dogo lenye sababu ya kazi hukubaliwa kirahisi kuliko maelezo marefu kwamba wewe ni mtu wa hisia. Sema "nikikaa pale hesabu zinatoka bila makosa", inatosha.

Feni ni rafiki yako. Mvumo wake hauna maneno, kwa hiyo ubongo unauacha. Kinachokuvuta ni mazungumzo unayoyaelewa. Usiku nyumbani ni hivyo hivyo: baa ikiwa mbali kidogo, feni inafunika. Ikiwa ukutani kwako, feni haiwezi. Hapo ongea kwanza na mwenye baa mchana, akiwa hana wateja, kisha balozi wa nyumba kumi, kisha serikali ya mtaa, na ikishindikana wasimamizi wa mazingira wa taifa, ambao kelele ni sehemu ya kazi yao. Andika tarehe na saa za kelele kabla hujaenda, usiende na hasira tupu.

Na kahawa. Hata lile dodoso la kina Aron lina swali kuhusu kafeini, ile inayokuamsha iliyomo kwenye kahawa. Kwa wengi, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha kijiweni saa 9 alasiri, saa 2 usiku nusu yake ipo. Unachelewa kulala, kesho unaamka umechoka, unakunywa tena. Weka mwisho saa 5 asubuhi kwa wiki mbili uone daftari linasemaje. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu kwenye makopo sihitaji hata kuvitaja.

Fundi_Ratiba:

Mama Kibada heshima yako. Niongeze upande wa kazi yenyewe, na nianze kwa kupingana kidogo na mfano wa Luku. Luku ikiisha unanunua, taa inawaka palepale. Ari haifanyi hivyo. Unaweza kupumzika Jumamosi nzima, Jumapili ukaamka umetulia na bado hutaki kugusa kitabu. Utulivu ni sharti la kwanza tu. Baada ya hapo lazima kuwe na kitu cha kuivuta.

Kwa watu hawa, kinachovuta ni kuona mtu anayenufaika. Si "nataka kufanikiwa", hilo halina sura. Andika sentensi moja yenye mtu na badiliko: nikimaliza hatua hii ya mitihani, mdogo wangu analipiwa ada bila mama kukopa Vikoba. Kisha panga kuliona badiliko hilo kwa macho mara moja kwa mwezi. Muuza keki akabidhi keki moja kwa mkono wake, aone mtoto anavyoikata, badala ya kumwachia bodaboda zote. Wepesi wa kuhisi unaolalamikiwa ndio utakaomlisha mwezi mzima. Watafiti wameona kuwa walio wepesi wa kuhisi huathirika na mabaya kuliko wengine, lakini na mema pia hunufaika nayo kuliko wengine. Watu husoma nusu ya kwanza wakaishia hapo.

Sasa kiwango. Wote wanakuambia uweke kima cha chini. Ni kweli: dakika kumi kwa siku, hata siku mbaya. Lakini anayewaka siku nne na kuzima ya tano, tatizo lake liko upande wa pili, hana kikomo. Siku ya kwanza anasoma kwa muda wa saa tatu kwa sababu moto unawaka, ya pili saa tatu na nusu, ya nne kichwa kinagoma. Kwa hiyo weka kikomo kwa hesabu. Chukua dakika ulizofanya kwa siku saba, tafuta wastani, ongeza robo. Wastani ukiwa dakika 80, kikomo ni 100. Ikifika 100 unaacha, hata kama uko katikati ya sura tamu. Hasa kama uko katikati ya sura tamu, maana kesho utakuwa na pa kuanzia.

Kabla hujafunga, andika kwenye kikaratasi hatua ya kwanza ya kesho kwa ukamilifu: "fungua ukurasa 114, fanya swali la 3, sehemu b". Anayeandika "endelea kusoma" kesho atatumia dakika ishirini kuamua aanzie wapi, na kuamua ndiko kunakomchosha mtu anayechambua kila kitu.

Gawanya hizo dakika vipande vya 45, katikati pumzika 15 bila simu. Simu si mapumziko kwako. Ukipitia kurasa dakika 15 umekutana na misiba miwili, ugomvi mmoja na harusi ya ex, vyote umevihisi.

Kingine ni kuufunga uamuzi kwenye tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu akishapanga "ikitokea hivi, nitafanya hivi", anatekeleza zaidi kuliko aliyesema "nitajitahidi". Mfano: nikishavua viatu na kunywa maji, nakaa mezani dakika kumi. Tukio liwe la kila siku, na lisitegemee mtu mwingine. "Wageni wakiondoka" si tukio, wageni wa Dar hawana saa.

Ukikosa siku, siku inayofuata fanya kima cha chini tu. Usifidie. Kufidia ndiko kunakovunja kikomo, na mzunguko unaanza upya.

Binti_Segerea:

Mama Kibada shikamoo. Wote nashukuru sana. Mmegusa kelele na ratiba, lakini kuna mambo mawili yanaziba kila kitu: bosi akisema neno, na magrupu. Grupu la familia, la kanisani, la kamati ya harusi ya binamu, la waliosoma pamoja. Na misiba. Mtu hawezi kusema "naomba nisihudhurie, ni mwepesi wa kuhisi".

Mama_Kibada:

Marahaba mwanangu. Hapo umesema la maana kuliko yote.

Bosi kwanza. Akikukosoa, kichwani mwako vinaingia vitu vitatu vimefungwa pamoja: jambo lenyewe, maoni yake, na sauti aliyotumia. Vitenganishe kwenye karatasi, mistari mitatu. "Jedwali la Juni lina makosa" ni jambo. "Huwa hauko makini" ni maoni. Kufoka mbele ya watu ni sauti. Siku hiyohiyo shughulikia la kwanza tu, na lifanye mapema, ndani ya saa moja kama inawezekana, hata kama ni marekebisho ya dakika ishirini. Mikono ikishika kazi, kichwa kinapunguza kuzunguka. La pili liweke mpaka kesho yake. La tatu si lako.

Jibu lako la papo hapo liwe fupi na liwe tayari kabla halijahitajika: "Nimepokea, naomba nipitie, nitakuletea kabla ya saa 9." Usijieleze. Mwepesi wa kuhisi akijieleza huku anatetemeka anasema asiyotaka. Na usiamue jambo kubwa, kuacha kazi au kuacha masomo, mpaka ulale usiku miwili.

Magrupu: WhatsApp inakuruhusu kunyamazisha kwa saa 8, wiki moja au daima. La familia nyamazisha saa 8 za kazi, lifungue saa 7 mchana na saa 1 jioni, dakika kumi kila moja. Ya waliosoma pamoja, daima. La kamati ya harusi, mtumie mwenyekiti ujumbe wa pembeni: jambo linalonihusu nipigie. Hakuna atakayejua umenyamazisha. Wanaojitoa ndio wanaoulizwa maswali.

Michango nayo inakula ari kimyakimya, maana kila kadi inayoingia ni kesi unayoisikiliza upya moyoni: nikitoa kidogo atajisikiaje, nisipotoa watasemaje. Tarehe moja ya mwezi tenga fungu la michango, liwe na kiasi kimoja kwa ndugu wa damu na kingine kwa marafiki. Likiisha, jibu ni "mwezi huu fungu limeisha, niandike mwezi ujao". Umeamua mara moja badala ya mara kumi na moja.

Misiba hatukwepi, na usijaribu. Lakini kuna namna ya kwenda. Anayekaa mkekani kutwa nzima bila kazi ndiye anayerudi nyumbani hana hali, kwa sababu ameingia ndani ya kilio cha kila anayefika. Nenda na kazi yenye mwanzo na mwisho. Nenda asubuhi, uingie jikoni, menya vitunguu, osha vyombo, ukimaliza muage mfiwa kwa kumshika mkono, uondoke. Au chukua daftari la rambirambi kwa saa mbili. Mfiwa amekuona, umesaidia, na mikono ilikuwa na shughuli. Kesho yake usipange kipande kizito cha kusoma. Weka kima cha chini, dakika kumi.

Kwenye harusi, ukumbini, usikae meza ya mbele ya spika hata kama umeandikiwa jina. Badilishana na kijana anayependa muziki, atakushukuru.

Daktari_wa_Jirani:

Nafanya kazi ya afya ya akili. Nijibu la tatu, kwa sababu hapa watu hupotea pande zote mbili.

Jaribio la kwanza ni siku mbili za utulivu. Mwepesi wa kuhisi akilala vya kutosha na kuwa mbali na vurugu, ladha inarudi: chakula anachopenda kinampendeza, anacheka na anayempenda, anapata wazo la kazi. Mwenye sonona hata kwenye kimya hapati ladha. Ikiwa karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, sehemu kubwa ya siku mtu ana huzuni au hafurahii kitu chochote, na juu yake usingizi umeharibika, hamu ya kula imebadilika, mwili mzito, hawezi kukazia fikra, anajiona hana thamani, hapo tuache kuzungumzia tabia. Na mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili. Nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu. Kwa Segerea ni Amana, wengine Mwananyamala au Temeke. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Ukifika, omba pia wingi wa damu na tezi ya shingo vipimwe. Upungufu wa damu ni wa kawaida sana kwa wanawake wenye hedhi nzito, na unachosha kwa namna ambayo mtu anaiita "sina motisha". Tezi ikifanya kazi chini ya kiwango, hivyo hivyo. Hakuna ratiba itakayotibu damu pungufu.

Mengine mawili. Aliyekulia nyumba ya kipigo au ulevi anaweza kuwa anashtuka na kusoma nyuso za watu kwa sababu ilimbidi, si kwa sababu kazaliwa hivyo. Kinachomsaidia ni ushauri nasaha wa mtu aliyesomea, vizibo vya masikio havitoshi. Na lile dodoso la maswali 27 halitoi majibu ya ugonjwa. Alama zake huwa juu pia kwa mtu mwenye wasiwasi mwingi, kwa hiyo usilijaze usiku mmoja ukaamka na utambulisho mpya.

Fundi_Ratiba:

Naomba niongeze mpangilio, maana namfahamu mtu wa aina hii: atataka kuanza yote Jumatatu. Wiki ya 1 na ya 2, daftari tu, usibadilishe kitu. Wiki ya 3, rekebisha kile kimoja kilichojirudia zaidi kwenye mistari ya 7 kwenda juu, na kahawa. Wiki ya 4, ongeza kima cha chini na tukio la kuanzia. Kikomo kinaingia wiki ya 5, ukishakuwa na siku saba za kukokotoa wastani. Ukivianza vyote pamoja, kimoja kikikushinda utaviacha vyote, na hutajua kipi kilikuwa kinasaidia.

Binti_Segerea:

Nimeelewa. Swali la mwisho: kuna mwenzangu ofisini anataka kufanya nami, yeye ni Mwislamu. Ramadhani ikiangukia ndani ya hizo wiki mbili za daftari?

Mama_Kibada:

Afanye, lakini mistari ya mfungo asiichanganye na ya siku nyingine, usingizi na kula vimehama. Saa za kujaza azibadilishe: saa 3 asubuhi, saa 7 mchana, saa moja kabla ya futari, na baada ya tarawehe. Ile ya kabla ya futari itakuwa juu kwa kila mtu, asiihesabu kwenye kutafuta kinachojirudia. Na akifikia zile dakika kumi mfungo ukiwa bado unaendelea, azifanye baada ya daku, kabla jiji halijaamka. Hapo hata Segerea ni kimya.